Nyumba Kwanza, Msikiti Baadaye

Ijumaa ya tarehe 26 Januari 2001, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 7.7 liliipiga Kutch, wilaya iliyo magharibi kabisa ya jimbo la Gujarat nchini India, saa mbili na dakika arobaini na sita asubuhi kwa saa za huko. Kwetu Mombasa ilikuwa kama saa kumi na mbili na robo, na wengi wetu tulikuwa tumeswali alfajiri na kurudi kujilaza. Hatukuhisi chochote. Kufikia adhuhuri, tulipojipanga safu kwa swala ya Ijumaa, hapakuwa na mtu msikitini asiyekuwa na habari, ingawa hapakuwa pia na mtu aliyeweza kusema kwa yakini nani wake yu hai na nani amekufa.

Sisi ni Wakachi, yaani watu wenye asili ya Kutch, Waislamu wa Mji wa Kale. Mababu zetu walikuja kwa majahazi kutoka Mandvi wakisukumwa na kaskazi, wengine wakiwa manahodha na mabaharia, wengine mafundi na wachuuzi, na baadhi yao hawakurudi tena. Kikachi tunachozungumza majumbani kimejaa Kiswahili, na hakuna familia ninayoijua isiyokuwa na shangazi, mkwe au binamu huko Bhuj, Anjar, Mandvi au Mundra. Wakati huo nilikuwa katibu wa kamati ya msikiti wetu. Vijana walioshika kamati sasa wameniuliza mara nyingi namna tulivyouendesha mchango ule, na kwa kuwa majibu ya barazani hupotea pamoja na kahawa, nimeona ni afadhali niandike.

Simu za Bhuj zilikatika zote. Tulichokipata tulikipata kwa jamaa wa London na Dubai, waliokuwa nao wanabahatisha kama sisi, na kwa redio. Hesabu zilipanda kila jioni, hadi zikatulia kwenye watu wapatao 20,000 waliofariki na zaidi ya 160,000 waliojeruhiwa, pamoja na nyumba mamia ya maelfu zilizoanguka au kupasuka. Siku ile ilikuwa sikukuu ya Jamhuri ya India, hivyo watoto wengi walikuwa wamevaa sare kwa ajili ya gwaride. Katika mji wa Anjar, wanafunzi 185 na walimu 20 walifunikwa na kifusi walipokuwa wakipita kwa maandamano katika kichochoro ambacho nyumba za pande zote mbili ziliwaangukia. Habari hiyo ilituumiza kuliko zote, kwa sababu kila mzee wa msikiti wetu aliyewahi kwenda Anjar alikuwa na picha ya vichochoro vile kichwani, navyo havina tofauti kubwa na vya kwetu Mji wa Kale.

Swala ya ghaibu, ile ya kumswalia maiti aliye mbali, iliswaliwa, hitima zikasomwa, na watu wakahaniana nyumba kwa nyumba. Hayo jamaa yoyote ya Kiislamu inayajua na sitayarefusha. Jambo lililotutia katika mtihani wa kwanza lilikuwa maneno. Haikupita wiki kabla watu hawajaanza kusema kwamba Kutch imeadhibiwa: wengine walitaja ulevi, wengine ibada za makaburini, wengine harusi za fahari. Aliyeyasema hayo aghalabu alikuwa mtu aliyekaa salama barazani, kikombe cha kahawa mkononi, na hakuwa na maiti wake chini ya kifusi. Katika safu hiyo hiyo ya swala walikuwamo wanaume waliokuwa wakingoja kujua kama mama zao wamepatikana.

Imamu wetu hakulipita jambo hilo kimya. Katika hotuba ya Ijumaa iliyofuata aliisoma Suratu Zilzala, sura ya Kurani yenye jina la tetemeko, kisha akasema kwamba sura ile inazungumzia siku ambayo kila mtu ataonyeshwa amali yake mwenyewe, si amali ya jirani. Akakumbusha kwamba siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo chake, naye Mtume akawakataza akisema kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kwa kuishi kwa mtu yeyote. Na mwisho akaitaja hadithi ya mashahidi watano, ambayo mmoja wao ni aliyekufa kwa kuangukiwa na jengo. Nilimwona mzee mmoja, aliyempoteza dada yake katika mji wa Bhachau, akiinamisha kichwa na kukiinua tena, na baada ya siku hiyo sikuyasikia tena maneno ya adhabu ndani ya msikiti. Nje ya msikiti yaliendelea, lakini kwa sauti ya chini.

Fedha zilikuja kwa wingi na kwa haraka. Hapa ndipo kazi ya ukatibu ilipoanza kuwa ngumu, kwa kuwa karibu kila bahasha ilikuja na sharti lake. Wako waliotaka fedha zao ziende kwa mtu wao kwa jina. Wako waliotaka ziende kijijini kwao tu. Na wako, tena ndio wenye bahasha nene, waliotaka kujenga msikiti, kwa kuwa anayemjengea Mwenyezi Mungu msikiti hujengewa nyumba peponi, na kwa kuwa, nisifiche, msikiti huwekwa jiwe la marumaru mlangoni lenye jina la marehemu baba. Sikupata hata mtu mmoja aliyeniambia kwamba anataka kujenga choo.

Kamati iliamua kutuma ujumbe mdogo ukaone kwanza. Tuliondoka kabla ya Idi ya Kuchinja, iliyoangukia mapema Machi mwaka ule, wanaume kadhaa pamoja na wanawake wawili, mmoja wao mwalimu wa madrasa ya wasichana. Baadhi ya wazee walilipinga jambo la wanawake kusafiri kwenda mahali penye mahema na vumbi, wakasema watakuwa mzigo. Nilikuwa miongoni mwa waliounga mkono waende, na nitaeleza kwa nini nashukuru walikwenda.

Tulianza kuyaona madhara Ahmedabad, ambao uko zaidi ya kilomita 200 kutoka kitovu cha tetemeko, na hata huko majengo ya ghorofa yalikuwa yameporomoka. Kadiri basi lilivyoingia Kutch ndivyo kuta zilivyopungua. Bhachau haikuwa na mtaa uliosimama. Nyumba za zamani za kule zilijengwa kwa mawe mazito yaliyoshikanishwa kwa udongo, kuta nene na paa zito juu yake, na ardhi ilipotikisika upande kwa upande, mawe yaliachana, paa likashuka zima. Watu wa huko walituambia kwamba nchi yao haikutikisika mara ya kwanza. Wazee wao walikuwa wakisimulia tetemeko la 1819, lililoinua tuta refu katika nyanda za chumvi za kaskazini, na Anjar yenyewe ilitikiswa tena mwaka 1956. Lakini masimulizi yalibaki masimulizi, na kuta ziliendelea kujengwa kwa udongo.

Jamaa tuliyoifikia, ambayo ndiyo asili ya familia nyingi za msikiti wetu, ilikuwa ikiswali uwanjani, juu ya maturubai. Msikiti wao ulikuwa umesimama nusu, mnara umekatika, na hakuna aliyethubutu kuingia. Ardhi ilikuwa bado inatikisika mara kwa mara. Niliswali nao magharibi ya kwanza, na tulipokuwa katika sijda nikaihisi ardhi ikitetemeka chini ya paji la uso kabla ya kuihisi mahali pengine popote. Mtu anayeswali wima huweza kudhani ni kizunguzungu, lakini aliyesujudu hana la kudhani. Mbele yangu kijana aliinua kichwa, akakirudisha, kisha akakiinua tena. Watoto katika safu ya nyuma walianza kulia. Imamu wa pale alisoma sura fupi kuliko zote na kutoa salamu, na baada ya swala akatueleza kwamba tangu siku ile amekuwa akifupisha, kwa kuwa Mtume alikuwa akifupisha swala aliposikia kilio cha mtoto kwa kumhurumia mama yake, na amewaambia maamuma, yaani wanaoswali nyuma yake, kwamba anayeogopa kwa hofu ya kweli akakata swala hana lawama. Sikuwahi kuona hukumu niliyojifunza chuoni ikifanya kazi kwa uwazi kiasi kile.

Suala la wajane lilituchukua muda mrefu zaidi, na hapa ndipo wanawake wawili wa ujumbe walipofanya kazi ambayo sisi wanaume tusingeiweza. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, na asili ya hukumu ni kwamba akae katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe. Nyumba hiyo sasa ilikuwa rundo la mawe. Baadhi ya wajane walikataa kuhamia kambini, wakapiga hema juu ya kiwanja chao, kando ya kifusi, wakazungushia masanduku ya bati na vitanda vilivyopinda ili wapate sitara. Maulamaa wa pale waliwaambia kwamba hema lililo kiwanjani linatosha, na pia kwamba anayeogopea nafsi yake anaruhusiwa kuhama. Wengi walichagua kubaki. Lakini unga, mafuta na mablanketi vilikuwa vikigawiwa kambini, kwa kuita majina kutoka katika orodha, na orodha iliandikwa kwa majina ya wanaume wenye nyumba. Mume amekufa, mke yuko edani hatoki, na jina likiitwa haliitikiwi.

Mwalimu wetu wa madrasa aliligundua hilo kwa njia rahisi kabisa. Aliketi na mjane mmoja tangu alasiri hadi jioni, akaona chakula kilichopikwa kimetoka kwa jirani, na kesho yake tena kimetoka kwa jirani. Alipouliza, bibi yule alimwambia, "Sijui chochote kinachogawiwa, binti yangu. Mimi niko eda." Jirani aliyempikia alikuwa mwanamke wa Kihindu wa tabaka la chini, ambaye naye alikuwa akiishi chini ya turubai lililochanika. Wasichana wa madrasa ya pale walipewa kalamu na karatasi, wakazunguka kiwanja kwa kiwanja wakiandika kila mwanamke asiyekuwa na mwanamume wa kuitikia jina. Orodha ile ilikuwa ndefu kuliko tulivyotarajia, na ndiyo iliyotumika baadaye hata katika nyumba.

Huyo jirani ndiye aliyetufungulia suala jingine. Misaada mingi iliyofika Kutch kutoka ng'ambo ilikuja kwa njia kama yetu. Wapatel wa Nairobi na London waliinua vijiji vyao, Mabohora waliwashughulikia Mabohora, Makhoja Makhoja, na sisi tukawa tunakuja na yetu. Siisemi kazi hiyo kwa ubaya. Ilifika mapema, ilijua njia, na haikuhitaji mkalimani. Lakini palikuwa na watu wasiokuwa na mtu yeyote Mombasa wala Leicester: wachungaji, wavuvi, watengeneza chumvi, watu wa matabaka ya chini ambao hata katika foleni ya serikali waliwekwa nyuma. Msaada unaofuata damu hauna uovu, ila hauwaoni wasiokuwa na damu ya kuufuata. Na watu wa pale walitusimulia kwamba katika siku za mwanzo, kabla hatujafika sisi wala mwingine, Waislamu walibeba kuni za kuchomea maiti za Wahindu, na Wahindu waliwatenga maiti wa Kiislamu pembeni na kuwafunika, ili wasichomwe na wapate kuzikwa.

Tuliporudi Mombasa tulikaa vikao vingi, baadhi yake vikali. Swali lilikuwa kama jamaa yetu inaweza kumjengea nyumba jirani yule. Mzee mmoja, mtu mkarimu kwa yote mengine, alisimama akasema, "Hizi ni fedha za Waislamu, na Waislamu wetu bado wako mahemani." Hakuwa na hoja dhaifu. Imamu ndiye aliyelitatua kwa kufungua vitabu. Zaka, alisema, ina watu wake wanane waliotajwa katika Kurani, na rai ya wanazuoni wengi ni kwamba hupewa Waislamu wanaostahiki. Tena kwa rai hiyo hiyo ya wengi, zaka haijengi msikiti. Sadaka ya hiari mlango wake ni mpana, nayo huweza kumfikia jirani wa dini yoyote. Kisha akasoma hadithi ya Jibrili, aliyeendelea kumuusia Mtume kuhusu jirani hata Mtume akadhani kwamba jirani atafanywa kuwa mrithi.

Kuanzia siku hiyo niliweka madaftari mawili. Katika la kwanza niliandika zaka, nayo ikaenda kwa wajane, mayatima na mafakiri wa Kiislamu kwa orodha ya wasichana. Katika la pili niliandika sadaka, na kamati ikapitisha kwamba sehemu yake itajenga nyumba katika mtaa mzima, bila kuruka kiwanja kwa sababu ya mwenye nacho. Waliotaka msikiti waliambiwa kwamba fedha zao zitahifadhiwa au watarudishiwa, kwa kuwa jamaa ya kule wenyewe ilikuwa imetuambia wazi: nyumba kwanza, msikiti baadaye, kwani kuswali uwanjani wanaweza lakini kulala uwanjani masika yakija hawawezi. Wachache walichukua fedha zao. Jambo hilo lilituudhi wakati ule, ingawa sasa naona lilisafisha hesabu.

Ujenzi wenyewe ulitufunza mambo ambayo sikuyategemea kuyajifunza msikitini. Serikali ya Gujarat iliunda mamlaka ya kushughulikia maafa mwezi uliofuata tetemeko, na badala ya kuwajengea watu wote nyumba za mkandarasi, wengi walilipwa fedha kwa mafungu matatu ili wajenge wenyewe, kila fungu likitolewa baada ya mhandisi kukagua hatua iliyofikiwa. Sharti lilikuwa ukanda wa zege wenye nondo kuzunguka nyumba nzima, kwenye msingi, juu ya milango na madirisha, na chini ya paa, pamoja na nondo za wima kwenye pembe, ili kuta zisiachane zinapotikiswa. Fedha zetu ziliongezea pale palipopungua. Mafundi wazee walilalamika kwamba nondo ni hasara, na mhandisi mmoja kijana akawachukua kwenda kuangalia nyumba za duara za udongo za wafugaji wa Banni, nyanda za majani za kaskazini mwa Kutch, ambazo nyingi zilikuwa zimesimama wakati majumba ya mawe yamelala. Kwa ajili ya umbo lake, nyumba ya duara haina pembe ya kufunguka. Fundi aliyeona hivyo hakubishana tena kuhusu nondo, ila alibishana kuhusu bei yake.

Mwezi Februari 2002 ghasia kubwa za kidini ziliikumba Gujarat, na sisi Mombasa tukarudi tena kwenye simu. Kutch ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Wako katika jamaa yetu wanaopenda kusema kwamba ni kwa sababu ya nyumba tulizojenga. Mimi siamini kwamba nyumba za mtaa mmoja zina uzito huo, na waliobeba kuni na kuwatenga maiti walifanya hivyo kabla hatujatuma hata shilingi. Kitu ninachoweza kusema ni kwamba mtaa ule haukuhitaji kuanza kufahamiana siku ile.

Msikiti wao ulijengwa upya baadaye, na sehemu kubwa ya gharama waliitoa wenyewe. Una ukanda wa zege kama nyumba zote. Jiwe la marumaru lipo, lakini limeandikwa tarehe tu.

Tarehe 6 Februari 2023, Uturuki na Syria zilipotikiswa na tetemeko la ukubwa wa 7.8 lililoua zaidi ya watu 50,000, kamati mpya ilinijia kuomba madaftari yale ili ione tulivyofanya. Niliwapa. Wakaanza mchango kwa utaratibu ule ule, zaka upande wake na sadaka upande wake, matangazo baada ya swala tano na sanduku mlangoni. Hakuna familia katika msikiti wetu iliyo na shangazi Antakya wala mkwe Aleppo, na kiasi kilichopatikana hakikukaribia hata kidogo kile cha mwaka 2001, ijapokuwa waumini wameongezeka na wengi wao wana uwezo kuliko baba zao. Katibu mpya, kijana mwangalifu, aliniuliza kama kiasi hicho akiweke katika ripoti ya mwaka kando ya kile cha Kutch, au akitaje peke yake ili watu wasikilinganishe. Nilimwambia aviweke kando kwa kando, tena katika ukurasa mmoja.